Mshono wa Shemeji

Kazi yangu ni kuvunja vifua. Nafyatua bonge la chuma lenye umbo la kifua cha mtu, linakwenda kugonga usukani wa gari, kisha nakwenda kutazama ni nani aliyeshindwa. Bonge hilo tunaliita Baba Mkwe, kwa kuwa halijawahi kumhurumia mtu.

Usukani mzuri ni ule unaoshindwa. Nguzo yake inashikwa chini ya dashibodi na vishikizo viwili vilivyotengenezwa ili viachie. Dereva akirushwa mbele, vishikizo vinaachia, nguzo inajisukuma ndani, na bati la ubavuni linajikunja likila ule mshindo badala ya mbavu zake. Sisi wa chumba cha kugongesha tunasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya pigo, nayo inakuingia mpaka kwenye meno. Ya pili ni ya bati kujikunja, kama mtu anayeponda kopo tupu. Nikiikosa ya pili sina haja ya kwenda kuangalia, najua Baba Mkwe ameua.

Mume wangu, Yeom Man-bok, anaunga vyuma vya meli kwa moto hapa hapa mjini Ulsan, na hajawahi kurudishiwa mshono. Chuma alichokiunga yeye kikikatika, basi kimekatika kando ya mshono. "Mke wangu analipwa kuvunja," huwaambia wageni, "mimi nalipwa kuunga. Bila mimi nyumba hii ingekuwa vumbi." Nilikuwa nacheka kila mara.

Mdogo wangu Gi-chul aliendesha teksi za watu miaka mingi bila ajali hata moja, mpaka akapata kibali cha teksi yake mwenyewe. Alinunua gari kuukuu, la kabla ya mambo ya mifuko ya hewa. Mama akachagua siku isiyo na mkosi, akatandika meza ya tambiko uani mbele ya gari: kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe, na birika la pombe ya mchele. Tukasujudu. Tukamwagia magurudumu pombe. Lililobaki ni dereva kuponda kibuyu kwa gurudumu la mbele, mabaya yote yapasuke nacho.

"Dada, njoo ukalie kiti cha mfalme kwanza," Gi-chul akaniambia. Shati alilovaa lilikuwa jipya, bado lina alama za kukunjwa dukani.

Nilikaa. Kwa mazoea nikaushika usukani na kuutikisa. Haukutikisika hata kidogo, na gari kuukuu halina usukani wa namna hiyo.

"Mbona umekaza hivi?"

"Ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Aliyeniuzia alisema gari liligongwa kidogo zamani. Shemeji kanimalizia jana, na chupa nimempa kaikataa."

Nililala chini ya dashibodi na tochi ya simu. Vishikizo vyote viwili vilikuwa vimeshaachia katika ajali ile ya zamani, kama vilivyotakiwa. Juu ya vishikizo hivyo mume wangu alikuwa amepitisha mshono wa moto, umepangika kama magamba ya samaki. Ulikuwa mshono mzuri sana, na uzuri wake ndio ulionitia hasira.

"Baba Su-jin," nikamwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu, "umefanya nini humu?"

"Nimekaza kilicholegea."

"Kile kinatakiwa kiachie. Mtu akigonga sasa, hiyo nguzo ni mkuki wa kifuani."

Man-bok akacheka, akamgeukia mama yangu. "Umesikia, Mama? Usukani uachie, dereva yuko njiani. Huko kazini kwao wanavunja mpaka wamesahau kwamba gari ni la kuendeshwa."

"Gari hili leo halitoki. Itafutwe nguzo nyingine."

"Mi-ok, shusha sauti," Mama akaniambia. "Meza imeshatandikwa."

"Dada naye," Gi-chul akadakia. "Mwenzio anaunga meli zinavuka bahari, wewe unanitisha na Baba Mkwe."

Nilielewa vizuri kwa nini hawanisikii. Gari lililokwisha kusujudiwa halifunguliwi. Na mkwe hawezi kuambiwa mbele ya mama mkwe wake kwamba zawadi yake ni sumu. Kwetu mtu ataimeza hiyo sumu na kusema ni tamu. Mimi mwenyewe ningeimeza mpaka kesho yake, lakini teksi ile ilikuwa inaanza kazi jioni hiyo hiyo, na mdogo wangu hafungi mkanda. Anasema unamkunjia shati.

Nikaenda kwenye buti ya gari letu nikachukua mashine ya Man-bok ya kukatia chuma, ile ya betri. Nikaingia tena chini ya dashibodi, nikaiwasha. Cheche zikanirukia usoni. Sijaukwangua mshono zaidi ya ukucha, nikahisi mikono imenishika miguu na kunivuta nje. Kidevu kiligonga ukingo wa mlango, nikajing'ata ulimi, na kwa maumivu yale nikarusha teke. Lilimpata Man-bok puani.

Alinipiga kofi. Katika ndoa yetu yote hakuwahi, na sikumwachia hilo moja liishe hivyo hivyo. Nilimrukia kwa ngumi, tukaanguka pamoja juu ya meza. Birika likapasuka, kichwa cha nguruwe kikabiringika mpaka kwenye mfereji. Damu ya pua yake ilinidondokea machoni. Mama alitupiga wote wawili kwa ufagio akilia, na hatukuhisi kitu.

Gi-chul ndiye aliyetutenganisha. Aliichukua ile mashine akaipigiza ukutani mpaka betri ikachomoka, kisha akanishika kola. Shati lake jipya lilikuwa limetapakaa pombe na damu.

"Miaka yote hiyo, dada," akasema. "Nimeomba siku moja tu. Umeshindwa kunipa siku moja?"

Akaingia garini, akaliwasha, akarudi nyuma mpaka ukutani. Kibuyu kilibaki katikati ya ua, kizima. Nilikimbia langoni nikasimama na mikono nimeitandaza.

Nilijua hatanigonga, yule ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Naye alijua nitampisha, ndiyo maana akakanyaga mafuta. Sisi ni watoto wa tumbo moja, na hakuna kati yetu aliyewahi kumpisha mwenzake hata mlangoni. Uso wake niliuona vizuri kupitia kioo. Nilipouona unabadilika, alikwisha kuukata usukani kulia, na gari likaenda kuugonga ukuta wa mawe.

Halikuwa na kasi ya kutisha. Ulikuwa mwendo wa baiskeli inayoshuka mlima, ule ule ninaompa Baba Mkwe kila siku.

Nikasikia sauti ya kwanza, nikangoja ya pili. Mungu wangu, nilivyoingoja.

Man-bok aliung'oa mlango kwa mikono. Gi-chul alikuwa ameukumbatia usukani. Duara lake lilikuwa limepindana, kitovu chake kimemzama kifuani, na uso hauna hata mchubuko. Nilimwambia Man-bok asimvute. Kila pumzi ilitoka na povu jekundu. Mdogo wangu hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama chini ya dashibodi.

"Mshono," akasema. "Umekatika?"

Nikainama nikaangalia. Palikuwa na ule mkwaruzo wangu tu, hapakuwa na ufa.

"Haujakatika," nikamwambia.

Akatabasamu, meno yote mekundu. "Si nilikuambia, dada? Kazi ya shemeji."

Povu likakoma, na pumzi nayo. Mama alikuwa amekaa chini kando ya kibuyu, ufagio mkononi, anauliza kuna nini, kuna nini. Gari la wagonjwa lilipofika, Man-bok alikuwa amelala chini ya dashibodi, kati ya miguu ya mdogo wangu, anaung'oa mshono wake kwa kucha.