Kona Iliyobonyea

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, anafanya kazi kwenye duka la kompyuta, meza ya waranti. Hapo ndipo unapopeleka kifaa kilichokufa kabla ya wakati wake ili duka likupe kingine. Wateja wamembandika jina la Mkwaruzo. Sijui kama mwenyewe analijua. Mimi nililipata nilipokaa kwenye benchi la duka lile asubuhi nzima, na benchi la kungojea halifichi kitu.

Mkwaruzo ana taa yake ya mezani, lenzi ya kukuzia, na pamba anayoichovya kwenye spiriti. Ukimletea kitu hakuulizi kimeugua nini. Anakipangusa taratibu kama anayemwogesha kichanga, anakigeuza, anakigeuza tena, mpaka aone alama. Akiiona, uso unamng'aa. Anagonga mhuri: UHARIBIFU WA NJE. Basi, chukua mzigo wako. Kijana mmoja alirudishiwa diski kwa sababu ya alama ya skrubu, na skrubu yenyewe aliuziwa humo humo dukani. Mwalimu mmoja alikataliwa kibodi kwa kuwa herufi zimefifia. Alipouliza kibodi inatumikaje bila kuguswa, akaambiwa swali hilo si la meza ile.

Kwa kazi hiyo nzuri tajiri wake alimpa cheti cha Mfanyakazi Bora, chenye fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu.

Siku alipokileta cheti nyumbani ilikuwa mchana. Mkono wa pili alikuwa na kile kiboksi cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Binti yangu alikuwa amekinunua dukani kwao, na duka lilimtuma Mkwaruzo amfikishie mteja. Mteja ndiye mkewe. Alikuwa na shati la kazi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Hata maji hakungoja. Alitaka cheti kikae ukutani saa ile ile, juu ya televisheni. Nyundo ilikuwa kwa jirani. Akaangaza macho huku na huku, akakichomoa kiboksi kwenye katoni yake, akapigilia msumari kwa kona ya kiboksi. Mimi nimeshika fremu, binti yangu ameshika kiti alichopanda. Kona ikabonyea kama sufuria iliyoanguka. Akaipapasa kwa dole gumba, akasema haina neno, umeme haupiti kwenye kona.

Na kweli haikuwa na neno. Kiboksi kilifanya kazi miezi kadhaa, mpaka juzi.

Binti yangu anachora na kuchapa lebo. Juzi alikuwa amepata kazi kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni za maji, mwanamke asiye na maneno mengi. Alisema jioni ya kesho yake angepita. Akizikuta lebo tayari na zikampendeza, lebo zake zote tangu hapo zingekuwa za binti yangu. Asipozikuta, anaye mwingine. Binti yangu akachora ua la manjano, akapanga maandishi, akaniita nikaangalia. Alipotaka kuchapa, kompyuta ikazimika na kutoa harufu ya waya ulioungua. Fundi wa mtaani akaipima, akasema kiboksi kimekufa, vingine vyote vizima.

Wakati wa chakula akamwomba mumewe amfanyie mpango, kwa kuwa waranti haijaisha. Mkwaruzo akatafuna, akameza, akasema kiboksi kimebonyea. Akakumbushwa nani alikibonyeza. Akasema waranti haiulizi nani. Akakumbushwa maneno yake ya umeme na kona. Akasema hayo aliyasema kama mume, hakuyasema kama ofisa. Akamshauri akilete mezani kesho kama wateja wengine, naye atakitazama bila kupendelea mtu. Mimi niliendelea kutafuna. Mama mkwe akifungua mdomo kwenye meza ya mkwe, kesho anatafutiwa basi la kurudi kwake.

Asubuhi tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika, Mkwaruzo alikipokea kiboksi kama hajawahi kukutana nacho. Pamba, taa, lenzi. Akafika kwenye kona, akatulia.

"Dada, hii kona imepatwa na nini?"

"Imetumika kupigilia msumari."

"Na nani?"

"Mume wangu."

Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu, aliandika.

Kijana wa diski alikuwa nyuma yetu, amerudi kujaribu bahati yake. "Mume gani huyo hana hata nyundo?"

"Ana lenzi," binti yangu akajibu.

Foleni yote ikaangua kicheko, na kicheko kikamtoa tajiri chumbani kwake. Akauliza kuna nini. Binti yangu akamwamkia vizuri, akamweleza yote, na jinsi msumari ulivyokuwa wa cheti alichokitoa yeye mwenyewe. Tajiri hakucheka. Akamgeukia Mkwaruzo, akauliza jambo moja tu: alipopigilia, alikuwa bado kwenye kazi aliyotumwa, au ameshatoka? Maana kama alikuwa bado ametumwa, kiboksi kilibonyea mikononi mwa duka, na duka litatoa kingine leo hii. Aliyekibonyeza wataongea naye baadaye.

Mkwaruzo akaweka lenzi chini. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, pale anaponyoa vibaya. Moyoni nilimwambia, sema, mwanangu, ni neno moja tu.

"Nilikuwa nimeshatoka," akasema. "Pale nilikuwa mume."

Akagonga mhuri. Tajiri akampiga begani, akawaambia watu huyu ndiye mfanyakazi, haogopi hata mkewe.

Binti yangu akachukua kiboksi, akasema asante, tukaondoka. Alitembea mbele, ndala zangu hazikumfikia.

Nyumbani alipitiliza hadi chumbani, kwenye kompyuta ya mumewe. Hiyo ni ile ya kuchezea michezo ya mpira, yenye ubavu wa kioo na taa za rangi, ambayo hata kuifuta vumbi ni kwa kibali. Ina kistika cha duka, ukikichana waranti ya mashine nzima imekwenda. Alikibandua kwa ukucha, polepole, kama anayemenya kitunguu. Akafungua skrubu, mimi nikazipokea kwenye kifuniko cha chupa. Kiboksi cha humo kikatoka, kikaingia kwenye kompyuta ya binti yangu. Mchana lebo zikaanza kutoka, ua la manjano baada ya ua la manjano.

Mkwaruzo aliporudi alikuta mashine yake iko tumbo wazi. Akasimama mlangoni kama aliyefiwa. Akauliza nani amechana kistika.

"Waranti haiulizi nani, baba watoto," binti yangu akasema bila kuinua kichwa. Akampa mkasi. "Kaa hapo, kata lebo."

Akakaa. Akakata. Moja ikaenda upande, ua likapoteza petali. Alikuwa anatafuta pa kuificha ndipo mama wa sabuni akaingia. Akapekua rundo zima, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akamwambia binti yangu wiki ijayo kuna za chupa kubwa. Halafu akaiona ile iliyokwenda upande. Akaiokota, akamtazama mwanamume mwenye mkasi, akairudisha kwenye rundo.

"Hii itakaa nyuma ya chupa," akasema.

Mkwe wangu akashusha pumzi. Mimi ningeikataa.