Kaburi la Mgomba

Nzanzu alikwenda Beni na pikapu kumpokea kaka yake. Aliweka mikeka sita, kamba mpya na turubai, maana alijua jeneza linalotoka Uingereza haliwezi kuwa jepesi, na barabara ya kurudi Butembo haina huruma hata kwa walio hai. Mwanawe Éphraïm alishika usukani.

Kavira, binti wa marehemu, alishuka kwenye gari lililotoka mpakani Kasindi akiwa na mkoba mmoja mgongoni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mama yake Mjamaika, na ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga Kongo. Kiswahili alifundishwa na baba yake, kile cha mwaka wa hamsini na nane, kwa hiyo hakikuchanganywa na Kifaransa, hakikuwa na "mais" wala "donc" hata moja.

"Sanduku ya kaka iko wapi?" Nzanzu aliuliza baada ya salamu.

"Iko hapa, baba mudogo." Kavira aligusa mkoba wake. "Alisema tumuchome. Haya njo majivu yake."

Éphraïm alitazama turubai, kisha akatazama kwingine. Nzanzu alichukia waziwazi. Kwao huchomwa majani ya shamba na takataka za soko, mtu huzikwa. Lakini binti alikuwa ametoka mbali. Wakaanza safari ya Butembo, watatu mbele, na nyuma mikeka mitupu ikirukaruka.

Sikuli, huyo kaka, alivuka mpaka akiwa kijana kutafuta kazi katika mgodi wa shaba upande wa Uganda. Mlima ni mmoja na lugha ni moja, ila huku alitawala Mbelgiji na kule Mwingereza. Karani wa mgodi alipomwuliza kwao ni wapi, akajibu Kasese, kule kule Uganda, bila kupepesa macho. Jibu hilo moja lilimfanya mtu wa Mwingereza. Akapelekwa Uingereza kujifunza umeme, uhuru ukaja, akabaki Leicester kwenye kiwanda, akamwoa muuguzi aliyetoka Jamaika. Barua zilikuja vizuri kupitia Uganda mpaka vita ya Uganda ya mwaka wa sabini na tisa. Halafu kimya.

Mwaka wa themanini na nne baba yao alisema inatosha, Sikuli amekufa. Yakafanywa yanayofanyika mtu akipotea: mgomba ulikatwa kwa urefu wa Sikuli, ukavishwa koti alilokuwa ameacha, ukazikwa kando ya kaburi la mama yao. Aliyeuteremsha shimoni ni Nzanzu. Shamba la Sikuli likawa la Nzanzu.

Miaka miwili baadaye, baba yao naye akiwa ameshafariki, mchuuzi mmoja wa Kasese alileta barua. Sikuli yu mzima, anataka kuja kusalimia nyumbani.

Aliyezikiwa mgomba haingii uani kwao hivihivi. Yule aliyeuteremsha lazima kwanza ang'oe msalaba wa kaburi hilo kwa mkono wake na kumwita kwa jina. Ni kazi ya asubuhi moja, ila anayeitwa hurudi na haki zake zote. Nzanzu alikuwa ameshapanda kahawa kwenye shamba lile, na baadaye Éphraïm alijenga nyumba hapo. Basi Nzanzu akajibu, "Ngoja kwanza, barabara hapana muzuri." Akajibu hivyo mara kumi na tisa. Na kweli barabara haikuwa nzuri. Karibu kila mwaka vita mpya ilikuja kumtolea ushahidi. Habari za mgomba hakuziandika hata mara moja.

Sasa alikuwa amechimba shimo jipya, upande wa pili wa kaburi la mama yao. Lile la zamani, la mgomba, alilipandia maboga, majani yakafunika kila kitu, na msalaba humo ndani.

Walifika nyumbani Vulamba, mtaa wa Butembo, mchana. Kavira hakutaka kula kwanza. Aliomba aonyeshwe kaburi la bibi yake, akapiga magoti hapo, akasali. Kisha akageukia maboga, akafunua majani taratibu mpaka msalaba ukaonekana. *Sikuli, 1984.*

Nzanzu alikuwa na miaka themanini na moja, na hakuwahi kuona aibu ya namna ile.

"Nani alikuambia?" aliuliza.

"Baba. Ule mutu wa Kasese aliona hii kaburi siku alileta barua. Akamuandikia."

"Alijua tangu ile mwaka?"

"Alijua. Alikuwa anacheka, anasema yeye njo mutu moja tu wa Leicester mwenye kuzikwa na koti yake. Akiwa mugonjwa akasema mwili yake ilishazikwa, basi tuchome ile ingine." Kavira alitoa kopo la majivu kwenye mkoba, akalishika kwa mikono miwili. "Shamba hakutaka, baba mudogo. Angeweza kuandikia baba wakubwa wa ukoo, bangekulazimisha. Alikatala. Alisema utamuita mwenyewe. Kila barua yako alisoma mwisho yake kwanza, kuangalia kama umemuita."

Nzanzu akamwambia Éphraïm afukie shimo jipya.

Kisha akaingia katikati ya maboga, akashika msalaba, akavuta. Alikuwa amejiandaa kwa kazi kubwa. Mti ulikuwa umeliwa na mchwa chini kote, ukatoka mara moja, karibu aanguke nao.

"Sikuli," aliita, akilitazama kopo. "Sikuli, kuya nyumbani. Barabara iko muzuri."