Nywele za Rabab

Jumatano mchana, siku moja kabla ya harusi, Mama Sabri alichemsha sukari, maji na ndimu jikoni kwa kina Rabab, ghorofa ya nne, mjini Tanta, Misri. Sukari ilipogeuka rangi ya chai aliimimina sahanini, akaisubiri ipoe, akaikanda iwe donge la kung'olea nywele. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kung'oa nywele zote za bibi harusi isipokuwa za kichwani na nyusi.

Nywele za Rabab zilikuwa na tabia zake. Kila Mutawalli, mchumba wake, alipopanda ngazi, ziliingia ndani ya kichwa zikatokea kidevuni. Akishuka, zilirudi. Zilianza siku Mutawalli alipomkuta akicheka na muuza mkate, akamkunja Rabab kidole mpaka kikavunjika. Daktari alipima damu, akaeleza kuwa juu ya kila figo pana tezi ndogo inayomwaga homoni mtu akiogopa. Zikizidi, nywele hupukutika kichwani na kuota pasipotakiwa. Akaandika: apunguze hofu, mara mbili kwa siku.

"Mama, nimwache tu," Rabab alimwambia mama yake.

"Magodoro na jokofu vimeshapelekwa kwake, mwanangu. Mtaa mzima umeviona vikipita."

Mama Sabri hakuambiwa lolote, maana mtu wa kazi haambiwi siri za nyumba. Chumbani, alikuwa amefika kidevuni Mutawalli alipoanza kupanda, kuleta viatu vya harusi.

"Mama Sabri, subiri! Nakuomba!"

"Mabibi harusi wote hulia hivyo hivyo. Tulia, mrembo, inauma mara moja tu."

Akabandika, akavuta. Akavuta mara saba.

"Eh! Ndevu zako zinashinda za marehemu babu yangu."

Mutawalli alikabidhi viatu mlangoni, akashuka. Hakuna kilichorudi. Rabab alijipapasa kichwa, kilikuwa laini kama sahani.

"Ataniua," alisema.

Mama yake alifunga mlango wa chumba, akavua mtandio, kisha akavua nywele zilizokuwa chini yake. Rabab alikuwa amezichana nywele hizo tangu utotoni.

"Nilizivaa siku ya harusi yangu," mama alisema, akimvisha. "Zioshe kwa maji baridi. Zisipigwe jua."

Mama Sabri alimkazia macho mama yake Rabab. "Wewe ni yule bibi harusi wa mtaa wa nyuma ya stesheni. Nilidhani ni ndevu."

"Ndiyo. Ni wewe uliyening'oa."

"Basi nisamehe."

"Yameshapita. Mnyooshee wigi hapo kisogoni, limekaa upande."

Mama Sabri akalinyoosha wigi. Hapo hatua zikasikika tena ngazini. Mutawalli alikuwa amesahau funguo zake. Donge la sukari lenye nywele lilishuka sahanini, likajiburura sakafuni, likaingia chini ya kitanda.

Rabab aliliangalia likijificha. Yeye alibaki ameketi, nywele za mama yake kichwani, akisubiri mlango ugongwe.