Jina la Mama Verediane

Mwaka 1999 kompyuta ilifika kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa viazi mjini Gisenyi, na karani Niyigena akafurahi kuliko wote. Alikuwa na mazoea ya kununua majarida ya mashine mjini Goma, ng'ambo ya mpaka, na kuyasoma kama barua za mchumba. Siku ya tatu, asubuhi nzima aliimwagia sifa: kasi yake, kumbukumbu yake, kioo chake chenye rangi.

"Bon," alisema Mama Verediane, mpiga chapa wa miaka mingi, bila kuacha taipureta yake. "Na makosa, inayafutaka namna gani?"

Niyigena alifungua kanuni za ushirika, kurasa arobaini alizokuwa amezinakili kwenye kompyuta kwa siku mbili. Humo Mama Verediane, mmoja wa waanzilishi, aliitwa Veronika. Katibu wa kwanza ndiye aliyekosea, na hakuna aliyekubali zichapwe zote upya kwa ajili ya jina moja.

Niyigena aliandika jina lenye kosa, akaandika lililo sahihi, akabonyeza kitufe.

"Imebadilisha mara kumi na tisa, Mama."

Mama Verediane akasogea. Akafuata maneno kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa.

"Asubuhi yote unanihubiria mbio," alisema mwishowe, "na hii ulikuwa unaificha?"

Niyigena akacheka kwa aibu. Hakuwa ameona kama ni jambo la kutajwa.

"Toka kwa kiti, mi nijaribu."

Niyigena, aliyechapa kwa vidole viwili, akasimama akimtazama akitumia vyote kumi. Kabla ya adhuhuri, karani ndiye aliyekuwa akimuuliza mpiga chapa maswali.