Saruji ya Sadaka

Wema mwingine huingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi, na wema wa Jerioth ulikuwa wa namna hiyo. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani, mtu wa bara, mchapakazi, na sauti yake ilitangulia kufika kabla yake. Alipoiona nyumba ya Jumwa kule Ziwa la Ng'ombe, udongo umebanduka hadi fito zinaonekana, aliapa kwamba kanisa litaitengeneza na kuipaka rangi.

Jumwa alishukuru, lakini neno lake alilisema mapema.

"Mwanangu, nikandikieni kwa udongo tu. Saruji hapana. Nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Marehemu mume wangu alipatana na mwenye ardhi: udongo, fito na makuti. Siku nikitia saruji, patano limekufa na mimi niko nje."

"Mama, hiyo ni mambo ya zamani," Jerioth akacheka. "Nani atafukuza mjane juu ya ukuta mzuri?"

Kwao Jerioth, nyumba na shamba ni kitu kimoja. Kwamba mtu anaweza kuwa na kuta na asiwe na ardhi ambayo kuta hizo zimesimama juu yake, hilo halikumwingia akilini. Jumwa akarudia. Jerioth akampapasa mkono kama anayembembeleza mtoto, na mama wa watu akaona haya kumkatalia aliyemjia kwa heri. Haya hiyo ndiyo iliyommaliza.

Siku ya kazi walimpeleka Frere Town, kwa muumini mwenzao Margret, akalale huko ili arudi kwenye nyumba mpya. Mambo ya nyuma yake alikuja kusimuliwa na jirani. Wanakanisa walifanya kazi kwa moyo, wakiimba mapambio, bila malipo. Maji ya kuchanganyia saruji yalipowaishia, Mwidani, mrithi wa ardhi ile, aliwavutia mpira kutoka bomba lake. Akawapa pole ya kazi. Wakasema jirani kama huyu ni wa kuombewa.

Walimrudisha Jumwa wamemfunga leso machoni. Ilipofunguliwa, akaona ukuta laini wa saruji, umepakwa rangi ya samawati kutoka kona hadi kona. Akapiga ukemi. Wao wakapiga vigelegele. Simu zikainuliwa.

"Oneni furaha ya mjane!" Jerioth akasema huku machozi yakimtoka.

Mwidani alijipenyeza katikati yao. "Shikamoo, mama." Hakungoja kuitikiwa. "Patano la wazee wetu lilikuwa udongo. Anza kufungasha."

Hapo ndipo Jerioth alipoelewa. "Ndugu yangu, kosa ni letu, si lake."

"Wala sijamlaumu mtu," Mwidani akajibu kwa upole. "Mmenifanyia kazi ya kumtoa hapa, ambayo baba yangu aliionea aibu."

Jumwa alikuwa bado anautazama ukuta. "Na nikiibandua hii saruji, ukarudi udongo?"

"Ukirudi udongo, patano ni lile lile. Nasema mbele ya watu wote hawa."

Jumwa akanyakua jembe. Hakuna aliyemsaidia. Vijana waliitazama kazi ya mikono yao ikipigwa, wakanuna. Mmoja akaanza kukemea pepo. Jerioth akamshika bega. "Mama, wacha, unaharibu rangi!"

Jumwa akamsukuma, akapiga tena. Lakini saruji ilikuwa imeushika udongo, udongo umeshika fito, na fito zilikuwa zimeliwa na mchwa zamani. Pande la kwanza lilianguka na dirisha lake. La pili likavuta kona nzima. Watu wakamrudisha nyuma kwa nguvu, paa likaketi chini, na vumbi likawafunika wote.

Jumwa alikohoa, akajifuta macho, akamgeukia Mwidani. "Haya. Saruji imetoka. Nitaukandika upya kwa mikono yangu."

Mwidani akajikung'uta kanzu.

"Patano lilikuwa la nyumba, mama," akasema. "Nyumba iko wapi?"