Kovu la Mbele la Bethwel

Bethwel alilazwa kwa ubavu wa kushoto, maana upande wa kulia ulikuwa na risasi. Wadi nzima ilishaijua habari yake: maandamano ya kupinga mashine za kuchuma chai, kule Kapsoit, polisi wakafyatua, naye akasimama mbele yao na bango lake. Aliyeisimulia kwa kila mgeni aliyeingia na chupa ya maziwa ni Weldon, rika lake aliyetahiriwa pamoja naye, ambaye sasa alikuwa akimfanyia kampeni. Uchaguzi wa mkurugenzi wa kiwanda cha chai, anayepigiwa kura na wakulima, ulikuwa karibu, na mgombea mwenye risasi mwilini hahitaji picha ukutani.

"Alisimama wima," Weldon alisema. "Kama nguzo ya stima!"

Bethwel alifumba macho kwa unyenyekevu. Shimo lenyewe lilikuwa kwenye tako, lakini blanketi la hospitali lilikuwa linajua kunyamaza.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na Omollo wa pale kiwandani, mkono kwenye plasta. Alisema alianguka kwenye ngazi. Kila Weldon alipofika kwenye nguzo ya stima, Omollo aligeukia ukuta akakohoa.

Daktari Mokeira alifika na picha ya eksirei, akavuta pazia.

"Mzee, risasi imekaa ndani ya kiungo cha nyonga. Isipotoka itasaga mfupa mpaka choo kiwe safari. Lakini nataka kujua ilipita wapi. Ulikuwa umesimamaje?"

"Wima."

"Ukiwatazama polisi?"

"Macho kwa macho."

Daktari aliitazama picha, kisha tako, kisha picha tena. "Na ikaingia kwa nyuma."

"Niligeuka kidogo. Kuwatia moyo wenzangu."

Nje ya pazia Weldon alipiga makofi. "Mnasikia? Hata hapo alikuwa anatufikiria!"

Daktari hakucheka. "Mashine kubwa ya picha imeharibika, kwa hivyo nimebaki na mdomo wako. Kama ulikuwa wima, risasi imegonga mfupa tu. Nitaitoa, nisafishe, nifunge. Kama ulikuwa umeinama, huenda ilipasua utumbo kwanza, ikabeba uchafu mpaka kwenye kiungo. Hapo nitafungua na tumbo. Nisipofungua, nyonga itaoza, pengine na wewe mwenyewe. Tumbo linauma?"

Lilikuwa linauma tangu jana. Alikuwa amenyamaza, kwa kuwa shujaa halalamiki tumbo. Chini ya pazia aliona viatu vya wenzake wa maandamano waliokuja kumwona: gambuti, gambuti, na vya Weldon vilivyopakwa rangi. Akawaza kiti cha mkurugenzi. Akawaza mteremko wa shamba lake la chai, na mguu wa kuuteremkia.

"Daktari, nikujibu polepole?"

"Nijibu tu nisikie."

"Nilikuwa nimeinama," alinong'ona.

"Sijasikia."

"Nilikuwa juu ya ua! Nusu huku, nusu kule, waya umeshika suruali!"

Viatu havikusogea. Bethwel alingoja kicheko.

"Ni kweli, daktari," Omollo alisema. "Alikanyaga huu mkono akipanda."

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini hapo chini?" Weldon alifoka.

"Nilikuwa nangoja uondoe gambuti yako kichwani kwangu, bwana."

Ndipo Bethwel alipoelewa kwa nini hakuna shahidi aliyewahi kumpinga. Mashahidi wote walikuwa wamevuka ua kabla yake.

Weldon alikohoa. "Wazee, tuulizane. Kati yetu sote, nani alikuwa karibu zaidi na polisi?"

Wakafikiri. Aliyekuwa wa mwisho kukimbia alikuwa Bethwel.

"Basi alikuwa mstari wa mbele!"

Wakapiga makofi. Bethwel akasukumwa hadi chumba cha upasuaji.

Utumbo ulikuwa umetoboka. Daktari Mokeira aliushona, akakiosha kiungo, akatoa risasi, na baada ya majuma kadhaa Bethwel aliteremka shambani kwake kwa magongo, polepole, akishika majani ya chai njiani.

Siku ya kuomba kura mtu mmoja alipaza sauti: "Tuonyeshe pahali ulipigwa!"

Bethwel alimtazama Weldon. Kisha akampa magongo, akafungua vifungo vya shati. Kovu la daktari lilishuka katikati ya tumbo, refu, limenyooka, la mbele kabisa. Umati ukaguna kwa heshima.

Akafunga shati. Kule nyuma, Omollo alishikwa na kikohozi.