Mtu Asiyegonga

Kila siku ya mazoezi, kazi ikiisha kwenye karakana ya reli, Stanislas alikuwa akipita nyumbani kumchukua binti yake Léa na kumsindikiza kwenye judo. Walitembea hadi ukumbi wa parokia, baba amebeba mfuko wa kimono, vazi la judo, binti anakula karanga na kusimulia nani alimwangusha nani. Kisha baba alikaa kwenye benchi chini ya dirisha mpaka mazoezi yaishe saa kumi na mbili. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka. Halafu Léa akashikwa na homa ya uti wa mgongo, mvua za mwisho zikiwa bado zinanyesha, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameshazikwa.

Baada ya matanga Stanislas alirudi kazini. Alikaza bolti, alisalimia watu, alikula alichopewa. Ndugu waliotoka Kabalo kuja kuomboleza walimsifu kwa uvumilivu wake. Hakuwa mvumilivu. Hakuona cha kuvumilia. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaona ni wako, lakini ukiugusa haujibu.

Jioni moja alijikuta amekaa kwenye lile benchi. Hakukumbuka kuamua kwenda. Siku ya mazoezi iliyofuata akawa pale tena, na iliyofuata pia. Mwalimu wa klabu, maître Mutale, mtu mfupi mwenye shingo nene aliyemfundisha Léa tangu utotoni, alimwacha akae kwa muda. Kisha akatoka nje pekupeku.

"Jambo, papa Stani."

"Jambo, maître."

"Uko nangojea nani?"

Stanislas alitazama juu, kwenye dirisha la ukumbi.

"Sikufukuze," Mutale alisema. "Mais kama unakuja tu kukaa, utaoza hapa. Vua viatu uingie. Ao urudie ku nyumba, ukae na muke yako."

"Miye? Niko muzee."

"Niko na fundi ya motokari ndani, anakupita miaka. Anaangukaka muzuri."

Stanislas akavua viatu, kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu zaidi.

Mutale alikuwa na desturi yake. Hakuna aliyekanyaga tatami, ile mikeka ya mazoezi, kwa mara ya kwanza bila kusema mbele ya wenzake anatafuta nini. "Haiko juu yangu," aliwaambia. "Iko juu yako. Siku utachoka, objectif, ile kintu unatafuta, njo itakukamata." Fundi wa magari alikuwa amesema anataka kupunguza tumbo. Deborah, msichana aliyefanya mazoezi na Léa tangu wakiwa wadogo, alikuwa amesema anataka kuwakilisha jimbo kwenye mashindano kule Kinshasa. Sasa wote walimgeukia Stanislas.

"Minataka saa kumi na mbili ipite," alisema.

Mmoja akacheka, mwenzake akamgusa kwa kiwiko.

"Bien," Mutale alisema. "Kwa leo inatosha."

Akapewa kimono ya klabu, akaanza kujifunza kuanguka. Na ajabu, aliweza haraka. Wanaoanza hukakamaa kwa hofu wanapoinuliwa, wakajiumiza. Yeye alinyanyuliwa na kutupwa kama mfuko wa unga, akainuka, akatupwa tena. Wenzake walianza kuwapigia vijana mfano wake: tazameni papa Stani, haogopi. Mutale alimtazama tu, asimsifu.

Nyumbani mkewe Albertine, anayeuza samaki wakavu wa Pweto sokoni, aliikuta ile kimono ndani ya beseni la nguo. Akaifua pamoja na nguo nyingine. Alipoianika aligeuza uso pembeni, lakini aliianika. Hawakuzungumza juu yake. Tangu matanga hawakuwa wakizungumza juu ya kitu chochote zaidi ya chumvi na umeme.

Msimu wa baridi ulipokaribia, Mutale alianza kufundisha kabali. Alieleza kwamba mtu akikabwa kwa ukosi wa kimono, anagonga tatami au mwili wa mwenzake kwa kiganja, na mwenzake anaachilia papo hapo. Kugonga si aibu, alisema. Asiyegonga ndiye mwenye aibu.

Stanislas alipangwa na Deborah. Msichana huyo alifanya kazi katika mkahawa kule Karavia, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, nywele zikiwa bado zimefungwa kitambaa cha mhudumu. Alikuwa amekula bukari, yaani ugali, nyumbani kwa Stanislas mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu. Alimwita Papa Léa, na watu wengine walikuwa wameacha kumwita hivyo.

Deborah akashika ukosi, akakunja mikono, akabana. Stanislas aliona kitambaa kinakaza shingoni. Alijua mkono wake wa kulia uko huru, umelala kwenye tatami. Aliwaza kugonga kama mtu anavyowaza kumtembelea binamu yake wa Kambove: siku moja, ikiwezekana. Sauti za ukumbini zikaenda mbali. Hazikumsumbua.

Kisha akaona dari. Fundi wa magari alikuwa ameinua miguu yake juu, na Mutale alikuwa akimpiga makofi madogo shavuni akimwita jina. Deborah alikuwa amekaa ukutani, mikono ameificha kwapani.

"Hukugonga," Deborah alisema. "Nilikuwa nawaza, sasa anagonga, sasa anagonga."

"Haikuniuma."

"Papa Léa, ile inaumaka kila muntu." Alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilibeba sanduku ya Léa na hii mikono. Unataka nibebe na yako, na iwe hii mikono njo ilifanya?"

Akachukua viatu vyake, akatoka bila kuvivaa.

Mutale alimpeleka Stanislas kwenye zahanati ya jirani. Walimpima, hawakuona tatizo. Walipotoka, Mutale hakuondoka. Alisimama naye kando ya barabara, mikono mfukoni.

"Niliiona toka siku ya kwanza," alisema. "Banakusifu hauogope. Muntu mwenye haogope, na muntu mwenye haiko ndani ya mwili yake, haiko kintu kimoja. Hapa tunapeanaka shingo. Deborah anaweza kukaba juu anajua utagonga. Kama haugonge, anabakia peke yake pale. Unamuacha peke yake na maiti."

"Unanifukuza?"

"Ninakupatia objectif. Ile ya kwanza nilikuachia juu haukukuwa na ingine. Haiko mukanda, haiko médaille. Ugonge. Kama hautaki, usirudie."

Giza lilikuwa limeanza kuingia alipofika nyumbani. Albertine alikuwa uani chini ya taa, anatoa magamba ya samaki wa chakula cha jioni na kuyamwaga kwenye karai. Aliona alama nyekundu shingoni.

"Nani alikufanya vile?"

Akamweleza yote. Albertine aliendelea kupaa samaki.

"Ulitaka kufa?"

"Hapana. Sikutaka kintu."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea.

"Hata miye," Albertine alisema. "Niko nauzisha samaki, bantu banauliza bei, ninabajibu. Nikifika hapa sikumbuke nilisema nini."

Stanislas alikaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amemsikia mkewe akilia siku za matanga, na akadhani basi yeye ndiye aliyeomboleza sawasawa, kwa niaba ya wote wawili. Hakuwahi kumuuliza.

"Nilizani weye unasikiaka uchungu," alisema.

"Nilizani ni weye." Albertine alimwaga maji ya samaki. "Rudia kule. Mais ugonge. Sitaki kubakia peke yangu mu hii nyumba."

Akarudi. Deborah hakuonekana kwa muda, na alipoonekana alifanya mazoezi na wengine. Stanislas alimfuata akamwomba msamaha. Deborah akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufunga mkanda wake. Kwa hiyo alifanya kabali na fundi wa magari. Aligonga mara tu alipoguswa. Fundi akaridhika, lakini Mutale akaja akachuchumaa kando yao.

"Unagonga juu nilikwambia," alisema. "Ngoja usikie inauma, mbele ya kugonga."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kuanguka. Ilibidi alale pale amekabwa na atafute, kama mtu anayetafuta swichi katika chumba cha giza. Alianza kupata vitu vidogo visivyo na maana. Ukwaruzo wa kimono iliyokauka juani. Ukucha wa mguu wa fundi kwenye paja lake. Harufu ya mafuta ya gari katika mikono ya fundi. Baadhi ya jioni hakupata kitu kabisa, akagonga kwa kukadiria tu, akaenda nyumbani. Mutale alimwambia hizo nazo zinahesabika.

Ilikuwa mwezi wa saba, tatami baridi kama bati, watu wanaruka-ruka kupasha miguu moto, Deborah alipokuja akasimama mbele yake na kuinama.

"Tuanze, Papa Léa."

Alimkaba taratibu, akiutazama mkono wake wa kulia tu. Stanislas alifumba macho. Maumivu yalikuja kutoka mbali, kama treni ambayo fundi wa reli huihisi kwenye chuma kabla hajaisikia. Yakafika chini ya taya. Yalikuwa yake. Akagonga.

Deborah aliachilia kabla mkono haujashuka mara ya pili.

"Iliuma?"

"Iliuma."

"Wapi?"

Alimwonyesha. Deborah akapagusa kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, akashika tena ukosi. Walirudia mpaka Mutale akapiga makofi ya kumaliza. Stanislas hakulia, wala hakufurahi. Alikuwa amechoka, na shingo ilikuwa ya moto.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, Deborah alichaguliwa kwenda Kinshasa. Alishinda pambano moja, akapoteza la pili, akarudi anasema mwakani. Wiki hiyohiyo Stanislas alifanya mtihani wa mkanda wa njano. Alianguka vizuri, akakaba, akakabwa, akagonga. Lakini alipoangushwa mara ya mwisho goti lilijipinda, na badala ya kuinuka aliinua mkono akawaambia waamuzi kwamba linauma, hawezi kuendelea. Hawakumpa mkanda. Mutale alimshika begani akimsaidia kutoka, na kwa mara ya kwanza akamsifu.

Siku ya mazoezi iliyofuata hakwenda. Goti lilikuwa limevimba. Albertine alilikanda kwa maji ya moto na chumvi, naye Stanislas akamwambia apunguze mkono, panauma. Kisha akakaa mlangoni, mguu ameuweka juu ya kigoda, akimweleza kila jirani aliyepita mahali hasa panapouma.